Lenzi ya Mtu Mmoja

Milcah Nerima alikutana na Weldon Kiplangat kwenye harusi ya watu wengine, kule Keringet, siku ambayo kazi ilikuwa imemshinda kabisa.

Ibada ilikuwa imeisha, na ukoo mzima wa bwana harusi ulikuwa umemwagika kwenye uwanja wa shule ya msingi ukingoja picha ya pamoja. Milcah alikuwa bado mgeni katika upigaji picha. Babu yake, mzee Makhanu, alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli Nakuru na hakurudi tena, na yeye Milcah alizaliwa na kulelewa humo humo katika nyumba za reli, kati ya watu wapole wa kanisa. Hakuzoea kuwapigia watu kelele. Alisema, "Naomba msogee kidogo," na waliomsikia ni wale waliokuwa karibu kumkanyaga. Wengine waliendelea kusalimiana, kuonyeshana watoto, na kukwangua tope kwenye viatu vyao vya sherehe.

Ndipo jamaa mmoja mrefu, aliyevaa koti lililombana mabegani, akapanda juu ya trela ya trekta iliyokuwa imeegeshwa kando ya uwanja.

"Wamama wa Keringet!" akaita. "Mje mbele, mketi! Wazee, nyuma ya wamama! Wewe wa kofia nyekundu, toka hapo, unamziba mjomba wako, na yeye ndiye alitoa ng'ombe!"

Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa nene na ya furaha, na ilifika hadi kwenye ua wa misonobari upande wa pili. Watu walijipanga huku wakicheka. Milcah alipomaliza kufuta vumbi kwenye lenzi, walikuwa wamenyooka kama kwaya.

"Madam, wako tayari," yule mwanamume akamwambia kutoka kwenye trela. "Piga kabla hawajakumbuka chakula."

Weldon alikuwa mkulima wa viazi. Alivileta mwenyewe Nakuru na kuviuza kwa kuita wateja sokoni, na ndiko sauti hiyo ilikokomaa. Baada ya harusi hiyo ya binamu yake alianza kupita studio ya Milcah kila aliposhusha mzigo. Wakaoana. Viazi akamwachia ndugu yake, akawa mtu wa harusi: kazi ya Milcah ilikuwa kupiga, yake ikawa kupanga.

Weldon ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika juu ya lenzi. Siku hizo Milcah alitumia lenzi pana, kama wapiga picha wengi wa mji, kwa sababu inameza watu wote hata kwenye ua mdogo. Jioni moja Weldon alikuwa akitazama picha za harusi ya nyumbani kwao, akasimama kwenye moja.

"Huyu shangazi yangu hajawahi kuwa hivi," akasema.

Shangazi huyo alikuwa amesimama mwisho wa safu, na shavu lake lilikuwa limevutwa pembeni kama unga wa chapati. Kesho yake walipanda ngazi hadi kwa Ogada, muuzaji wa kamera za mitumba aliyekuwa na chumba ghorofani karibu na soko. Ogada aliitazama ile picha, akatikisa kichwa.

"Lenzi pana inaingiza kila mtu, lakini wa pembeni inawavuta," akasema. "Na kwa sababu unasimama karibu, wa mbele wanakuwa vichwa vikubwa, wa nyuma wanakuwa kama watoto. Ukitaka kila mtu abaki na sura yake, chukua ndefu. Chukua ya milimita themanini na tano, halafu rudi nyuma, rudi mpaka uone umepotea. Shida tu ni kwamba ukirudi huko nyuma, nani atakusikia?"

"Hiyo niachie mimi," Weldon akasema, na Ogada akacheka, maana kioo cha kabati kilikuwa kimetetemeka.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka yote. Milcah alivuka uwanja na lenzi yake ndefu, akasimama mbali kiasi kwamba wageni wengine hawakujua kama yeye ndiye mpiga picha. Weldon alipanda benchi karibu na watu, akawapanga, akawatania, akawataja kwa majina aliyoyasikia mara moja tu asubuhi. Milcah akiinua mkono, yeye aliruka kando. Katika picha zao nyanya aliyeketi pembeni alikuwa na uso ule ule alioingia nao kanisani. Watu wa Molo, Njoro na Gilgil waliwaita. Mtoto wao Jepkoech alizaliwa, akaanza kutambaa kati ya viti vya harusi, akakua, akaenda shule ya bweni. Watu waliwaita Mama Jep na Baba Jep, na wao pia wakaitana hivyo.

Mwaka juzi walipiga harusi moja karibu na Kariandusi, upande wa machimbo, ambako upepo huinua vumbi jeupe kama unga. Weldon alirudi nyumbani sauti imekwaruza.

"Ni hilo vumbi," akasema. "Nimemeza kilima kizima."

Alikunywa ndimu na asali. Sauti ikarudi, ikapotea, ikarudi ikiwa ndogo zaidi. Kisha Milcah akaona kwamba mumewe anakunywa maji baada ya kila tonge. Akaona amekuwa akiikata nyama vipande vidogo kama ya mtoto. Baadaye akaacha ugali, akadai kwamba siku hizi anapenda uji.

"Baba Jep, twende hospitali."

"Baada ya Desemba. Desemba ni harusi tupu, unajua."

Desemba hiyo, Gilgil, msichana aitwaye Waithera aliolewa na mwanajeshi. Uwanja ulikuwa mpana, jua limetulia, siku nzuri kwa lenzi ndefu. Milcah alikwenda mbali hadi kwenye ua, akageuka, akaweka jicho kwenye kamera. Weldon alikuwa juu ya benchi. Milcah alimwona akivuta pumzi na kufungua mdomo.

Hakusikia kitu. Alidhani ni upepo. Akamwona akifungua mdomo tena, mishipa ya shingo imesimama, midomo ikitamka waziwazi: wamama, wamama. Watu mbele yake wakaanza kucheka, wakidhani ni mchezo wake. Mwanajeshi mmoja akapiga kelele, "Boss, ongeza volyumu!" na kicheko kikazidi.

Lenzi ile ilimleta Weldon karibu naye. Milcah aliona mkono wake ukipanda na kushika koo. Aliona macho yake yakimtafuta yeye, ng'ambo ya uwanja, na akaona kwamba mumewe ameogopa. Hakuwahi kuuona uso huo, hata siku Jepkoech alipozaliwa kwa shida.

Akashusha kamera, akaanza kurudi. Alitembea, kwa sababu kukimbia kungewaambia watu kwamba kuna jambo.

"Mzee ana homa," aliwaambia alipofika. Sajini mmoja, rafiki ya bwana harusi, akajitolea kupanga watu, na aliwapanga vizuri. Milcah angeweza kurudi kule kwenye ua na kupiga kama kawaida. Lakini alitoa ile lenzi pana ya zamani kutoka chini ya begi, akapigia hapo hapo karibu. Alitaka tu kuwa pale benchi ilipokuwa, ambapo Weldon alikuwa ameketi akitazama viatu vyake.

Baada ya wiki chache Waithera alipiga simu, kwa upole, akauliza kwa nini nyanya yake ametokea amepindishwa uso. Milcah aliomba msamaha. Hakumweleza.

Hospitalini walipokelewa na daktari mwanamke, kijana, aliyezungumza akiwa ameketi kitini kama mtu ambaye hana haraka. Aliwaambia kwamba kuna uvimbe kwenye koo la chakula, kwamba ni saratani, na kwamba umegusa mshipa unaoendesha sauti. Akasema wanaona wagonjwa wengi wa namna hiyo kutoka maeneo ya nyanda za juu, na huchelewa kuja kwa sababu mwanzoni hakuna maumivu.

"Sauti itarudi?" Weldon akauliza. Ilikuwa mnong'ono wenye mkwaruzo, kama karatasi.

"Mzee, kwanza tuanze na kukuwezesha kula," daktari akajibu.

Weldon akaitikia kwa kichwa. Milcah alijua kwamba mumewe amejibiwa, na kwamba ameelewa.

Walianza matibabu. Aliwekewa mpira wa kupitishia chakula tumboni. Kati ya safari za hospitali alitaka kuendelea na harusi, na mara moja walijaribu kipaza sauti cha mkononi. Lakini mnong'ono ukikuzwa unabaki kuwa mnong'ono. Ulitoka ukikwaruza juu ya vichwa vya watu, na uwanja wote ukanyamaza, bila kicheko, bila utani, watu wakijipanga haraka kwa huruma. Weldon alikiweka kile chombo chini ya kiti na hakukigusa tena.

Mwezi wa tano, asubuhi moja alipokuwa na nguvu kidogo, alisema, "Nipeleke kwa Ogada."

Alizipanda zile ngazi kwa kupumzika. Ogada alimwona mlangoni, akaleta kiti. Weldon alikaa, akangoja pumzi itulie.

"Nataka lenzi ya mtu mmoja," akanong'ona.

"Ya namna gani, mzee wangu?"

"Ya mtu anayepiga na kupanga watu peke yake."

Ogada alimtazama Milcah, kisha akageukia kabati. Akaziweka mezani lenzi kadhaa. Weldon hakuzigusa. Alimwashiria mkewe atoke kwenye varanda ndefu iliyopita mbele ya vyumba vyote vya ghorofa ile, kelele za soko zikipanda kutoka chini.

"Nenda kule mwisho. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Vile husema na watu. Usipige kelele. Wewe hujui kupiga kelele."

Milcah akaenda. Akasema, "Naomba msogee kidogo." Weldon, kwenye kiti kilichovutwa hadi mlangoni, akatikisa kichwa. Hakusikia. Akamwashiria asogee. Akasema tena. Bado. Akasogea, akasema. Wateja waliokuwa wakipanda ngazi walimtazama mwanamke huyo anayeomba watu wasiokuwepo wasogee kidogo. Alikuwa amefika karibu nusu ya varanda Weldon alipoinua mkono.

"Hapo," akamwambia Ogada. "Nipatie inayotosha watu akiwa hapo, na isiwaharibu sura."

"Thelathini na tano," Ogada akasema. "Wa pembeni itawavuta kidogo tu. Asijaze picha hadi ukingoni, na safu ipinde kama mwezi, wa mwisho wasogee mbele. Watu wengi sana haitabeba. Lakini atasikika."

Alimpa Milcah aijaribu. Ilikuwa nyepesi, nzuri, kioo chake hakina hata mkwaruzo. Milcah hakuiweka kwenye kamera. Aliirudisha mezani.

"Sitaki."

"Mama Jep."

"Nimesema sitaki. Niko na yangu, na niko na wewe. Tukinunua hii ni kama tumekubali."

"Mimi nilikubali kitambo," Weldon akasema.

Milcah alitoka nje, akashuka ngazi, akasimama barabarani kati ya wauzaji wa nyanya. Alikuwa na hasira, na hakujua amemkasirikia nani. Nyuma yake alisikia viatu vya mumewe vikishuka ngazi moja, vikangoja, vikashuka nyingine, na Ogada akimwambia, "Polepole, mzee." Hakugeuka kumsaidia. Nyumbani aliukoroga uji mwepesi, akaupitisha kwenye mpira kama alivyofundishwa, na Weldon akamshika mkono alipokuwa akifanya hivyo. Habari ya lenzi hawakuizungumza tena.

Weldon alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi, Jepkoech akiwa ameitwa kutoka shuleni na kufika bado akiwa na sare. Walimzika Keringet, kwenye shamba la nyumbani kwao, ukungu ukiwa juu ya viazi tangu asubuhi.

Maombi yalipoisha, mama yake Weldon, bi Jeruto, alimwendea Milcah. Ni mwanamke mfupi, mkavu, ambaye wakati wa ndoa yao aliuliza mara moja tu kama huyu msichana wa reli ataweza baridi ya huku, na hakuuliza tena.

"Mama Jep, tupige picha," akasema. "Tuko wote leo. Hatutakuwa wote tena."

"Mama, mimi siwezi."

"Nani mwingine atatupiga?"

Kamera ilikuwa kwenye gari, na lenzi ndefu ilikuwa imefungwa juu yake kama siku zote. Ile pana pia ilikuwepo begini. Milcah aliifikiria, akakataa moyoni. Siku hiyo hakutaka kumharibu mtu yeyote uso. Akavuka shamba kwa kukanyaga kati ya matuta, akasimama mbali, akageuka.

Hakuna aliyekuwa akiwapanga. Walikuwa wamesimama kuzunguka kaburi kama walivyokuwa wakati wa maombi, wengine wamempa mgongo, watoto wamejificha nyuma ya makoti. Alifungua mdomo na kusema, "Naomba," na sauti ikaishia kwenye ukungu, hata yeye hakuisikia vizuri. Alingoja. Mtu fulani angejua, alifikiri, mtu fulani angepanda juu ya kitu. Hakuna aliyepanda. Bi Jeruto alikuwa anatazama udongo. Ndugu yake Weldon alikuwa anafuta miwani. Katika umati wote huo ni Jepkoech peke yake aliyekuwa anamtazama mama yake, moja kwa moja kwenye lenzi, midomo imebana.

Milcah akapiga walivyokuwa. Kisha akachuchumaa kwenye viazi, na hawakumwona, kwa kuwa alikuwa mbali, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Ile picha aliichapisha kama ilivyo. Bi Jeruto ameitundika sebuleni, na hajawahi kusema kwamba ina kasoro.

Mwezi wa tisa Milcah alirudi kwa Ogada. Ogada hakumuuliza amekuja kutafuta nini. Alitoa ile thelathini na tano kutoka kwenye droo ya chini, ambako alikuwa ameiweka mbali na macho ya wateja, akaifunga kwa karatasi.

Sasa anafanya kazi peke yake. Kwanza huwapiga watu wa upande wa bibi harusi, kisha wa bwana harusi, kisha wazee, kwa makundi ambayo sauti yake inaweza kuyafikia. Safu huzipinda, pembeni huacha nafasi, na wazee hawaweki mwisho. Kuna familia zinazotaka watu mia kwenye picha moja, na anapowaambia hawezi, hutafuta mpiga picha mwingine. Jepkoech aliporudi likizo alimwambia aandike kijana wa kupanga watu, kuna wengi wenye sauti. Milcah alisema atafikiria. Hajaandika mtu.

Mwezi uliopita alikuwa na harusi upande wa Molo. Alimaliza makundi yake, akaenda kwenye tenti ya wapishi kutafuta chakula kabla ya keki. Mama aliyekuwa akipakua, Edinah, alikuwa amepika kwenye harusi nyingi walizopiga, ingawa hawakuwa wameonana zaidi ya mwaka.

"Mama Jep! Umepotea. Na mzee yuko wapi leo? Nimeshangaa harusi imekuwa kimya hivi."

Milcah alishika sahani yake. "Hakuja," akasema.

"Basi umbebee." Edinah akachukua sahani nyingine, akaijaza wali, akachagua mapaja mawili ya kuku, akaifunika kwa foili na kuikunja pembeni vizuri. "Mwambie ni mimi nimemtumia. Mwambie kuku si mgumu."

Milcah akashukuru. Akatoka na sahani zote mbili, akavuka nyasi kuelekea gari. Ile iliyofunikwa ilikuwa ya moto mkononi. Habari za kifo cha mumewe zilikuwa zimetangazwa na watu wengine: mchungaji, shemeji yake, mwalimu wa Jepkoech. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwa mdomo wake. Alifika kwenye gari, akaziweka sahani juu ya boneti, akasimama hapo. Kisha akaichukua ile iliyofunikwa, akarudi nayo kwenye tenti.

"Edinah," akasema. "Nimekudanganya. Baba Jep alifariki mwezi wa saba. Ilikuwa koo."

Edinah alikuwa na upawa mkononi. Aliwatazama watu waliokuwa kwenye foleni, akamwambia msichana mwenzake apakue, akazunguka meza na kuja kuketi kwenye benchi, upawa bado mkononi, mchuzi ukidondoka kwenye nyasi. Milcah akaketi kando yake. Edinah aliweka mkono wake wa kushoto juu ya goti la Milcah, akauacha hapo.

Walikaa hivyo hadi mfawidhi wa sherehe alipotangaza kwamba keki inakatwa. Milcah akafuta uso kwa kitambaa cha kufutia lenzi, akavaa kamba ya kamera shingoni, akainuka kwenda kupiga.